Kabla hujanunua 'milele' Kampala, uliza ni milele ya nani

Chukua mfano wa mama Mkenya anayefanya biashara ya vitenge kati ya Kampala na Nairobi. Kwa miaka mingi amekuwa akishuka basi alfajiri, akipita Kikuubo kabla jua halijawa kali, akifunga mizigo na kurudi Busia usiku. Sasa amechoka kulipa kodi ya stoo kila mwezi. Dalali anamtafutia kiwanja pembezoni mwa jiji na kumwambia kwa sauti ya upole: "Nnyabo, hapa ni pako milele. Hata wajukuu zako hawatasumbuliwa."

Makubaliano yanaandikwa kwa Kiingereza, ukurasa mmoja tu, na katikati yake kuna neno zito: "perpetuity". Mwenyekiti wa LC1 anagonga muhuri, mashahidi wanatia sahihi, fedha zinahesabiwa. Mama anaikunja karatasi na kuitia mkobani. Katika ukurasa mzima, neno alilotafsiriwa ni hilo moja, na tafsiri yake ilikuwa tamu.

Neno hilo ndilo lililomfanya afungue mkoba. Kwa bahati mbaya, ndilo pia lisilomsaidia kitu siku mgogoro ukizuka. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inasema wazi kwamba asiye raia hawezi kupata wala kushika ardhi ya mailo au ya umiliki huru, yaani zile mbili zinazoandikwa kuwa za milele katika daftari la serikali. Anachoweza kupata ni lizi, ukodishaji wa ardhi kwa muda maalumu, usiozidi miaka 99. Mama ameuziwa kitu ambacho mkono wake hauruhusiwi kukipokea.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini somo lake linawahusu wengi wanaovuka Busia, Malaba, Mutukula na Katuna. Neno "perpetuity" limeenea katika karatasi za Kampala, na linapotafsiriwa haraka haraka kuwa "milele" huacha nyuma mambo ambayo mnunuzi angepaswa kuyajua kwanza.

Kiswahili chenyewe kinaonyesha jinsi maneno ya muda yalivyo na ujanja. Mtu mwenye ajira ya kudumu hustaafu. Anwani ya kudumu hubadilika mtu akihama. Anayesema "daima nanunua kwako" ana maana kwamba hununua kila mara, na kesho anaweza kwenda duka la jirani. Waganda nao husema "emirembe n'emirembe" wanapotaka kusema milele na milele. Lakini "omulembe" ni zama, kipindi cha utawala wa mtu fulani. Milele ya Waganda basi ni zama juu ya zama, na kila mkazi wa Kampala anajua kwamba zama hubadilika na kila zama huja na watu wake.

Katika sheria, "perpetuity" ni neno la kiasi kuliko linavyosikika. Haliahidi kwamba jambo halitaisha. Linasema kwamba tarehe ya kuisha haikuandikwa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kama uzi, lakini nusu ya historia ya ardhi ya Uganda imepita katikati yake.

Mwaka 1900, Sir Harry Johnston kwa niaba ya Uingereza alitiliana saini na watawala wa Buganda mkataba uliogawa ardhi ya ufalme huo. Kabaka, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mdogo, alitengewa maili za mraba 350. Machifu na wakubwa wengine walipata maelfu ya maili za mraba. Kwa kuwa ardhi ilipimwa kwa maili, Waganda waliiita mailo, na jina likabaki hadi leo. Mwenye mailo alipewa ardhi bila tarehe ya mwisho, airithishe, aiuze, aigawe. Kwa karatasi, ilikuwa milele.

Milele hiyo iliishi miaka 75. Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin ilitoa amri ya mageuzi ya ardhi iliyofanya ardhi yote ya Uganda kuwa mali ya umma. Mailo na umiliki huru vikageuzwa kwa kalamu kuwa lizi: miaka 99 kwa watu binafsi, miaka 199 kwa taasisi za dini na za hisani. Aliyelala akiwa na milele aliamka akiwa mpangaji wa serikali. Ni kweli amri hiyo haikutekelezwa kikamilifu mashinani, lakini ilisimama kama sheria kwa miaka 20, hadi Katiba ya mwaka 1995 ilipotamka kwamba ardhi ni ya raia wa Uganda na kurudisha mailo na umiliki huru, pamoja na umiliki wa kimila na lizi.

Hata baada ya kurudishwa, mjadala haujalala. Mwaka 2021 hoja ya kuubadilisha au kuufuta mfumo wa mailo iliwaka upya serikalini, na Buganda ikajibu kwa ukali. Hapa si mahali pa kuamua nani ana haki. Inatosha mfanyabiashara ajue kwamba neno analouziwa kama jiwe limewahi kuyeyuka, na bado linagombaniwa.

Uganda haiko peke yake. Kenya ya wakoloni ilitoa lizi za miaka 999 kwa walowezi chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1915. Mzungu aliyepewa shamba mwaka huo alihesabiwa kuwa nalo hadi mwaka 2914, na hakuna aliyedhani kwamba angeishi mtu wa kuja kulidai. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilisema kwamba asiye raia hawezi kushika ardhi zaidi ya miaka 99, hata kama karatasi yake ya zamani iliahidi mengi. Tanganyika ilitangulia: mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru, ilizigeuza hati za umiliki huru kuwa lizi za serikali za miaka 99, kisha mwaka 1969 ikazigeuza tena kuwa haki ya kutumia ardhi. Leo ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais.

Na wenye lugha yenyewe? Kuanzia karne ya 18, serikali ya Uingereza iliuza hati za mkopo zisizo na tarehe ya kulipwa. Mwenye hati alipata riba kila mwaka, yeye na warithi wake, bila mwisho. Wachumi waliandika vitabu wakizitumia kama mfano wa "perpetuity". Mwaka 2015 serikali hiyo iliamua kuzilipa zilizobaki na kuufunga ukurasa. Wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha, na London nayo imethibitisha.

Wapo watakaosema kwamba historia hii inatisha watu bure. Ardhi ya mailo inanunuliwa na kuuzwa Kampala kila siku, benki zinaipokea kama dhamana, na familia nyingi zimeirithi kwa vizazi vinne au vitano. Hoja hiyo ni ya kweli na inapaswa kuheshimiwa. Kwa raia wa Uganda mwenye hati safi, mailo ni mali yenye nguvu. Lakini hata kwake, milele ya hati haimwambii nani anaishi juu ya ardhi hiyo, na hapo ndipo wageni wengi hujikwaa.

Kampala na viunga vyake vina jambo ambalo Mtanzania au Mkenya anaweza asilitambue kwa macho. Kipande kimoja cha ardhi kinaweza kuwa na watu wawili wenye haki. Mmoja ana hati ya mailo. Mwingine ana kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima au kujenga juu ya ardhi hiyo, akilipa kodi ndogo ya mwaka iitwayo busuulu. Sheria inamlinda mwenye kibanja halali. Anayekaa bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 anatambuliwa, na warithi wake pia. Marekebisho ya mwaka 2010 yalisema kwamba mtu huyo hawezi kufukuzwa ila kwa amri ya mahakama, tena kwa kosa la kutolipa busuulu.

Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na ardhi milele katika daftari la serikali na asiweze kujenga hata banda la kuku juu yake, kwa sababu wenye vibanja wako hapo na sheria inawalinda. Na kinyume chake pia. Mtu anaweza kununua kibanja kwa karatasi iliyoandikwa "milele", kumbe aliyemuuzia alipaswa kwanza kumpa mwenye mailo nafasi ya kununua. Kwa mujibu wa marekebisho yale yale ya 2010, mwenye kibanja anayeuza bila kumpa mwenye ardhi nafasi hiyo anavunja sheria na anaweza kuipoteza haki yenyewe. Mnunuzi hubaki ameshika karatasi yenye muhuri wa LC1 na neno refu la Kiingereza.

Muhuri wa LC1 una kazi yake. Unaonyesha kwamba mwenyekiti wa mtaa ameshuhudia watu wakikubaliana. Lakini hauwezi kuumba haki ambayo muuzaji hakuwa nayo, wala kumpa mgeni haki ambayo sheria imemnyima.

Nje ya ardhi, neno hili lina nyuso nyingine ambazo mfanyabiashara atakutana nazo. Anayesajili kampuni ataambiwa ina uhai wa kudumu. Maana yake ni kwamba kampuni haifi mwenye hisa akifa. Bado inaweza kufilisika, kufungwa au kufutwa kwenye daftari. Na kuanzisha kampuni si njia ya mkato ya kupata mailo, kwani Sheria ya Ardhi inaihesabu kampuni kuwa si raia kama udhibiti wa hisa zake uko mikononi mwa wasio raia.

Alama ya biashara nayo inaweza kuishi bila kikomo, lakini kwa kulipia. Uganda huisajili kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huihuisha kwa miaka 10 kila mara. Anayesahau kulipa huipoteza. Kwa wale wanaouza muziki na filamu, mkataba unaweza kusema mnunuzi amepata haki zote "in perpetuity", lakini hakimiliki ya mtunzi nchini Uganda hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake. Hakuna awezaye kuuza muda mrefu kuliko ule aliopewa na sheria.

Katika yote hayo, milele inageuka kuwa kitu chenye masharti. Ina mwenyewe, ina mipaka, ina ada, ina sheria inayoweza kubadilishwa. Mfanyabiashara anayeelewa hivyo hatishwi na miaka 49 wala hadanganywi na neno kubwa.

Na hapa ndipo panapohitajika ujasiri wa kusema jambo lisilopendeza madalali. Kwa mfanyabiashara mgeni, lizi safi ya miaka 49 ina thamani kubwa kuliko milele ya kubuni. Lizi nyingi zinazotolewa na bodi za ardhi huanza na muda mfupi, mara nyingi miaka 5, kwa sharti la kujenga, kisha huongezwa hadi 49. Mtu mwenye umri wa miaka 35 akipata lizi ya miaka 49 atakuwa na miaka 84 itakapoisha. Kwa stoo ya vitenge, ghala la mahindi au karakana ya kuchomelea vyuma, muda huo unatosha kurudisha mtaji mara nyingi. Mgeni akisajili lizi ya miaka 5 au zaidi kama sheria inavyomtaka, ana kitu cha kuonyesha mbele ya hakimu. Mwenye "milele" ya ukurasa mmoja ana hadithi tu ya kusimulia.

Wapo pia wanaotafuta njia ya panya: wanamwandikisha rafiki, shemeji au mpangaji mwenzao aliye raia, ili ardhi iwe kwa jina lake huku fedha zikiwa zao. Mambo yakiwa mazuri, wote hucheka. Rafiki akifa, akioa, akidaiwa au akibadilika moyo, jina lililoko kwenye daftari ndilo linalosikika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali iliyo katika daftari la mwingine hupotea habari zake zikiwa zimeandikwa vizuri.

Lawama haiwezi kumwangukia mfanyabiashara peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa na Itifaki ya Soko la Pamoja tangu Julai 2010. Itifaki hiyo inazungumzia watu, bidhaa, huduma na mitaji kuvuka mipaka. Lakini ilipofika kwenye ardhi, kifungu cha 15 kiliacha kila nchi ifuate sera na sheria zake. Hiyo ni haki ya nchi, na kwa eneo lenye historia ya kunyang'anywa ardhi, woga huo unaeleweka. Tatizo ni kwamba Jumuiya iliwaambia watu wavuke, kisha haikuwaeleza kwa lugha wanayoielewa ni wapi mlango unapoishia.

Lugha hiyo ipo. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Jumuiya ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar. Pamoja na hayo, hati ya ardhi, mkataba wa pango na fomu ya usajili wa kampuni mjini Kampala bado ni vya Kiingereza, na anayevitafsiri mara nyingi ni dalali yule yule anayesubiri asilimia yake. Mkalimani mwenye njaa hutafsiri neno kwa namna inayouza.

Kazi ya kwanza ni ndogo na haihitaji mkutano wa marais. Kamisheni ya Kiswahili, pamoja na wizara za ardhi za nchi wanachama, inaweza kutoa karatasi ya kurasa mbili kwa Kiswahili cha sokoni. Ieleze mailo ni nini, kibanja ni nini, lizi ni nini, haki ya kutumia ardhi ya Tanzania ni nini, na mgeni anaruhusiwa nini katika kila nchi. Iwekwe kwenye vituo vya pamoja vya mpakani, karibu na dirisha la forodha, mahali mtu anaposimama foleni akiwa hana la kufanya. Neno "perpetuity" liandikwe humo kwa maana yake kamili: umiliki usiowekewa tarehe ya mwisho, kwa anayeruhusiwa na sheria kuwa nao.

Kazi ya pili ni ya vyama vya wafanyabiashara. Chama kinachoweza kumtafutia mwanachama lori kinaweza pia kumtafutia wakili wa kusoma ukurasa mmoja. Gharama ya wakili kwa saa moja ni ndogo kuliko ya kiwanja kilichopotea.

Kazi ya tatu ni ya mnunuzi mwenyewe, na kuuliza si ujinga. Kabla fedha hazijahesabiwa, aulize: Hiki kinachouzwa ni hati, ni kibanja au ni lizi, na ofisi ya usajili wa ardhi inasema nini juu yake? Nani anakaa hapa sasa, na tangu lini? Mume au mke wa muuzaji ameridhia, maana ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa hiyo? Kama ni kibanja, mwenye ardhi amepewa nafasi ya kwanza? Na mwisho: kwa uraia wangu, sheria inaniruhusu kushika kitu hiki kwa miaka mingapi?

Muuzaji wa kweli atajibu, au ataomba siku mbili akalete karatasi. Anayechukizwa na maswali amekwisha kujibu.

Mama wa vitenge bado anaweza kupata stoo yake Kampala. Jiji hili limewapokea wageni wengi kabla yake na wamefanikiwa. Ila siku atakapokaa tena mbele ya dalali na kusikia "hapa ni pako milele", aombe namba mbili ziandikwe mahali pa neno hilo: namba ya hati na idadi ya miaka.